Nipe Uzi Mmoja Kwanza

Nipe uzi mmoja kwanza, Mama Lameki,
kabla hatujafika kwenye bei.
Si kwamba wewe sikuamini. Mwenye duka ndiye simwamini,
na hata yeye pengine aliambiwa, naye akaambia.
Chomoa hapo pembeni, kwenye upindo,
mrefu kama kidole cha shahada.

Upepo wa Majengo una kiherehere,
ngoja niinamie nyuma ya cherehani.
Kiberiti kimebaki njiti tatu.

Tazama.
Ungekuwa pamba ungewaka kama karatasi ya daftari,
ukanukia majani makavu, ukaacha jivu
ambalo ukilipuliza halikumbuki lilikuwa nini.
Ungekuwa sufu ungesitasita,
ukanuka nywele zilizoungua, ukajizimia wenyewe.
Huu umejikunyata,
umeukimbia moto kama konokono anavyorudi ndani,
halafu ukalia: tone moja, jeusi,
limeangukia kifuniko cha bati na bado linafuka.
Ligu— hapana, usiliguse. Subiri.
Haya, sasa lishike. Gumu kama punje ya mtama.
Na wewe umeuziwa pamba.

Najua ni kizuri. Sijasema si kizuri.
Kinameta kama bwawa la Hombolo saa nne asubuhi,
na Damari wako kakichagua mwenyewe.

Mimi nilishona kama hiki, Handali,
mwaka ule uwele ulipokauka shambani.
Lilikuwa pazia la mtumba, jepesi, rangi ya waridi.
Foibe wa kaka yangu alitaka mikono mipana
nami nikampa mipana, nikaongeza na marinda,
fundi kijana, najionyesha.
Jioni akaenda kukoroga mlenda.
Mkono wa gauni ulifika kwenye mafiga
kabla ya mkono wa mtoto.

Akakimbia. Nani alimfundisha asikimbie?
Kukimbia ni kuupepea moto.
Bibi yake ndiye aliyemwangusha uani
akamviringisha mavumbini, huku na huku,
kama mtu akunjaye mkeka mvua imemkuta,
kisha maji, maji ya baridi, mtungi mzima,
yale ya kesho na kesho kutwa.
Mjomba mmoja alikuja na dawa ya meno. Bibi akamfukuza.
Lakini lile pazia halikuwa nguo tena.
Lilishika. Wauguzi walilitoa siku kwa siku
na mimi nje dirishani nilizisikia siku zote.

Yu hai, yuko Kibaigwa, ana duka la nafaka.
Oktoba, jua likipasua vichwa, yeye kavaa mikono mirefu.
Shangazi, ananiita, shangazi, njoo ule.
Hajawahi kunilaumu.
Angenilaumu ningepumzika.

Usiseme basi nikushonee pamba tulale usingizi.
Pamba nayo huwaka, tena ikiwa nyepesi na imelegea
huwaka kwa haraka kuliko unavyotamka jina la mtoto.
Hakuna kitambaa kilichofunga ndoa na maji.
Kuna kinachokuacha uvuliwe,
na kuna kinachokung'ang'ania.

Kwa hiyo sikia nitakavyofanya.
Mikono naikata juu ya kiwiko,
Damari akinuna, mwambie ni mtindo wa Dodoma mjini.
Ndani bitana ya pamba, nene, mwili usikutane na huyu mwongo.
Mgongoni sitii zipu. Natia vifungo vya kubana,
ukivuta mara moja vinaachia vyote, ta-ta-ta.
Utaniambia vimelegea.
Vimelegea makusudi.

Siku ya kipaimara na ametemete,
askofu amwone, picha zipigwe,
ila yule wa nyuma yake mwenye mshumaa asogee hatua mbili.
Mkirudi nyumbani, kabla hajakaribia jiko,
kabla hata hajanywa maji,
mvue, mpe lile gauni lake kuukuu la kitenge
linalombana kidogo.

Haya. Bei sasa.
Elfu kumi na tano, na bitana ni juu yangu.
Njiti sikudai.
Zimebaki mbili.